Riviu ya kweli: ushauri nasaha kwa sisi tunaouguza, baada ya tope la Hanang

Nyota tatu kati ya tano. Ningeandika wiki ile ya kwanza ningetoa moja, tena hiyo moja ingekuwa ya chai na andazi, na ningeandika nikiwa nimetoka tu kwenye Alhamisi yetu pengine ningetoa tano, kwa hiyo nimepiga hesabu ya katikati, mnisamehe. Jina la shirika siliweki. Walioniudhi na walioniokoa walivaa fulana za rangi moja, na nusu yao mkataba ulishaisha, sasa nimseme nani.

Kwa wasionijua, mi ni wa Katesh, mji ulio chini ya mlima Hanang mkoani Manyara, nilikuwa na genge la nyanya na vitunguu karibu na soko, na nyumbani nakaa na mdogo wangu wa kiume ambaye mwaka 2019 alianguka na pikipiki njia ya Singida akavunjika uti wa mgongo, kuanzia kiunoni kushuka chini hana habari nako. Alilazwa hospitali ya KCMC Moshi miezi minne na huko ndiko manesi walinifundisha kazi ambayo sijawahi kulipwa hata mia, kumgeuza kila baada ya masaa mawili ili asipate vidonda vya mgandamizo, kumwaga begi la mkojo na kuliweka safi, kumkagua makalio na visigino kwa tochi kama mtu anatafuta chawa. Sasa ana miaka 26, mcheshi kuliko mimi, anasoma kila kitu kwenye simu, na ana mdomo. Hilo la mdomo mtaliona mbele.

Tope lilikuja Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri hata mwanga haujakaa sawa. Ulikuwa msimu wa El Nino, mvua imepiga, na mi nilikuwa nimeamka kumgeuza, kwa hiyo ile kazi ya masaa mawili mawili ninayoilalamikia kila siku ndiyo ilitukuta macho. Nikasikia mngurumo kama lori la kokoto linamwaga mzigo, ila lori likimwaga linamaliza, hili halimalizi. Watu wakapiga kelele volkano, volkano! Baadaye wataalamu wakaja kueleza kwamba wala si volkano, ni sehemu ya mlima Hanang yenye miamba laini ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujibeba, ikameguka, ikashuka na mawe na magogo juu ya mji. Zaidi ya watu 80 walikufa. Mi nilimtupia mdogo wangu kwenye blanketi nikamburuta kwa mlango wa nyuma, tope lishanifika magotini, kijana wa jirani akaja akashika upande wa miguu tukampandisha juu. Kiti mwendo chake tulikiacha. Siku tatu mbele gurudumu moja lilionekana limening'inia kwenye uzio wa watu, sijui hata lilifikaje kule.

Kuna jambo jingine lilitokea pale mlangoni asubuhi ile. Nitalisema, ila sio sasa, hao washauri wenyewe walilisubiri miezi.

Kambi ilikuwa shuleni. Darasa letu tulikuwa kama watu thelathini na kitu, magodoro chini bega kwa bega, ubaoni bado kuna hesabu za kugawanya za watoto. Sitadanganya, msaada ulimiminika, unga, maharage, blanketi, nguo mpaka za kuchagua, Waziri Mkuu alikuja, Rais alikatisha safari yake ya Dubai akaja, wanajeshi waliingia kwenye tope wakachimba. Kula tulikula. Ila jaribu kumgeuza mwanaume wa kilo sabini usiku wa manane kwenye darasa la watu thelathini waliofiwa. Alamu nikaiweka vaibresheni nikawa nalala nimeikalia simu, ikitetemeka pajani naamka, namgeuza gizani kwa kupapasa, nanong'ona pole, na yeye ananong'ona pole, tunapeana pole kama watu wamegongana mlangoni. Halafu pampasi. Zilikuja katoni kwa katoni, zote za watoto. Nikawa naunganisha mbili kwa plasta, zinavuja pembeni, nafua shuka kwenye ndoo nyuma ya choo saa kumi na moja asubuhi kabla watu hawajaamka, maana wapo ambao walishaanza kuziba pua.

Sasa huduma yenyewe.

Siku ya nne au ya tano hivi wakaja watu wa msaada wa kisaikolojia, wakafunga turubai zuri jeupe upande wa pili wa uwanja, ikapita spika inasema wahanga wote mje mpate ushauri. Mje! Mi nina mtu chini ambaye hatembei, kiti hana, na kati yetu na turubai kuna uwanja wa tope na kamba za turubai zimevutwa kila upande kama mtego wa ndege. Nikamtuma mtoto akaulize kama wanaweza kuja wao, jibu likarudi "tutapanga". Kesho yake nikaenda mwenyewe, mdogo wangu nikamwachia mtoto wa jirani wa miaka tisa amwangalie, jamani miaka tisa.

Tulikuwa kama sitini. Tukaimbishwa, tukapigishwa makofi ya kilo, tukaambiwa tufumbe macho tuvute pumzi ndani taratibu halafu tushushe. Sisemi ni kitu kibaya, kuna mama aliyekuwa hajalala tangu Jumapili nilimuona anashusha mabega kabisa, ila mimi nikivuta pumzi nasikia harufu ya mkojo kwenye kanga yangu, nakumbuka begi litakuwa limejaa, nafumbua macho. Tukaambiwa baada ya dhiki faraja. Halafu zikagawiwa fomu, unajisikiaje kwa skeli ya moja mpaka kumi. Nikamuuliza kaka aliyenipa, kumi ndiyo nzuri au ndiyo mbaya? Akageuza karatasi, akaisoma mbele na nyuma, akaniambia ngoja nikuulizie. Sijapata jibu mpaka leo. Nikaandika tano. Kabla sijamaliza yule mtoto wa miaka tisa akaja mbio, anko kadondoka kwenye godoro.

Hapo ndipo ningetoa nyota moja.

Lililonichosha zaidi ni kurudia stori. Kila baada ya siku mbili anakuja mtu mpya ana daftari jipya, tuambie ilikuwaje. Nimehadithia mara tano kwa watu watano, ya tano niliisema kama naagiza chipsi, hata sauti haikutikisika, yule dada akaandika kitu, nadhani aliandika naendelea vizuri. Baadaye mdogo wangu akaenda kusoma kwenye simu (nimeshawaambia anasoma kila kitu) akakuta mwongozo wa WHO, lile Shirika la Afya Duniani, wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, unasema mambo matatu tu, angalia, sikiliza, unganisha, na unasema wazi kwamba mtu asilazimishwe kuhadithia yaliyomkuta. Angalia nani anahitaji nini, sikiliza akiongea mwenyewe, muunganishe na kinachomsaidia. Sisi tulisikilizwa mpaka basi. Kuangaliwa na kuunganishwa ndiko kulikokuwa hakuna, maana kati ya wale watano hakuna aliyeuliza huyu kaka anajisaidiaje.

Akaja wa sita. Binti mdogo mdogo, viatu vimejaa tope, nilidhani ni mhanga mwenzetu. Hakuja na karatasi. Akaingia darasani akakaa chini, akamsalimia mdogo wangu kwanza, mambo kaka, sio kunisalimia mimi halafu kuniuliza "huyu anaongea?" kama wengine. Akageuka kwangu. "Dada, leo umekula saa ngapi?"

Nikataka kujibu nikakuta sijui. Nikapiga hesabu, nilimlisha mdogo wangu asubuhi, nikamlisha mchana, nikafua. Mimi nilikula jana jioni. Nikaanza kucheka na machozi yanatoka. Akaniambia haya nenda kaoge, maji ya moto yapo jikoni nimeshaomba ndoo, mimi nakaa naye, akitaka kugeuzwa nimgeuzeje? Nikamwonyesha, mkono mmoja begani mmoja nyongani, usimvute, mviringishe. Akajaribu mbele yangu. Nikaenda.

Nilikuwa sijaoga mwili mzima siku sita. Kwenye kile kibafu cha mabati nilikaa mpaka maji yakapoa na bado nikakaa, nilimwaga kopo la mwisho taratibu kichwani nikalia kwa sauti, sio kulia kwa vitu vyetu vilivyokwenda wala kwa majirani, nililia kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa ananiita kwa dakika arobaini. Narudi nawakuta wanacheza drafti kwa vizibo vya soda kwenye kipande cha boksi, na mdogo wangu kapigwa, anadai kaibiwa. Nikalala pale pale nimekaa. Aligeuzwa saa nane mchana na mtu ambaye sio mimi, mara ya kwanza tangu 2019 ukitoa hospitali.

Kama mnauliza ushauri nasaha ulianza kunifanyia kazi lini, ulianza na ile ndoo.

Nikasema mdomo. Basi, huyo binti alipopeleka taarifa kwamba kuna wenye ulemavu kwenye yale madarasa na choo hawakifikii, akaja afisa mmoja mzima kukagua, mpole tu, anasema changamoto tunaijua, tunalifanyia kazi. Mdogo wangu kalala chini, simu juu ya kifua, akamwambia mheshimiwa samahani, naomba nikusomee kitu kidogo. Akamsomea ibara ya 11 ya ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, inayotaka nchi zichukue hatua zote kuwalinda watu wenye ulemavu kwenye hatari, yakiwemo majanga ya asili, akaongeza kwamba Tanzania iliuridhia 2009 na sheria yetu wenyewe ikatungwa 2010. Darasa zima kimya. Mzee mmoja pembeni akasema "mh". Kesho yake asubuhi ukaja ubao wa kupandia pale kwenye ngazi ya choo na kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, na jioni kiti mwendo cha kuazima, gurudumu moja linavuta kushoto lakini kinakwenda. Nilijivuna kama nimezaa.

Shule zilipokaribia kufunguliwa Januari sisi tukahamia Babati kwa shangazi, chumba cha uani, na huduma ikawa ya simu. Mshauri anapiga Jumanne saa kumi jioni. Hapa niseme wazi, na kama kuna anayepanga huduma hizi anasoma aandike pembeni: simu ni nzuri, haina nauli, ila mtu anayeuguza hana chumba. Naongelea wapi? Mdogo wangu yupo mita moja kutoka kwangu, shangazi yupo dirishani anachambua mchele na masikio yake yapo kazini. Mshauri ananiuliza unajisikiaje kuhusu majukumu yako, na mi ninachotaka kusema ni kwamba kuna usiku namchukia, yaani sio yeye, mgongo wake, begi lake, ile alamu, ila nikisema hivyo atasikia nusu, na hiyo nusu ndiyo atabaki nayo. Kwa hiyo kila Jumanne nikawa nasema naendelea vizuri, namshukuru Mungu. Wiki ya nne ndiyo nikapata akili nikawa naenda na simu nyuma ya banda la kuku. Mtandao unakatika, kuku wanagombana, lakini pale nilisema.

Nilimwambia habari ya uji. Ilikuwa Februari, nimeamka mara nne usiku, asubuhi nimempikia uji wa ulezi, mkono ukamteleza kikombe kikamwagikia shuka niliyotoka kuifua usiku huo huo. Nikampigia kelele, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mojawapo lilikuwa kwamba tope lingejua lingembeba yeye. Akanyamaza. Huyu mwenye jibu la kila kitu akanyamaza, akaanza kukusanya uji kwa kiganja akiurudisha kwenye kikombe, kidogo kidogo. Ile picha ya kiganja ilinikaa wiki nzima. Nilitegemea mshauri aniambie pole au aniambie nimekosea. Akaniuliza usiku ule ulilala masaa mangapi kwa jumla. Tukahesabu, matatu. Na usiku wa kabla yake? Matatu. Akasema sawa, sasa hivi tatizo la kwanza sio roho yako, tuongelee nani mwingine anaweza kumgeuza saa sita na saa nane. Nikasema hakuna. Akasema shangazi? Nikasema ana miaka sitini. Akasema umeshamuuliza? Sijamuuliza. Ikabidi nimuulize, na shangazi akanijibu kwa hasira kabisa, "Nakusubiri useme tangu Januari, mi nilidhani hutaki mtu amguse ndugu yako." Tangu siku hiyo saa sita ni ya shangazi. Huo ulikuwa ushauri wa dakika kumi na mbili nyuma ya banda la kuku na nautolea nyota tano bila kupepesa.

Halafu ikaja Alhamisi.

Machi wakaanzisha kikundi cha walezi, ukumbi wa nyuma wa kanisa, saa nne mpaka saa sita. Unakuja na mtu wako. Ukumbini wapo vijana wa kujitolea, wanakaa na watoto na wagonjwa, kuna mikeka, drafti, redio, na nyie mnaingia chumba cha ndani. Sisi tisa, wote tuliondolewa na lile tope, mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, mama mwenye binti wa kifafa aliyekosa dawa siku tatu za mwanzo akaanguka mara sijui ngapi (dawa za kifafa hazikatishwi ghafla, hilo mlijue, ukifungasha vitu vya dharura zianze hizo), baba mmoja mwenye mke aliyepooza upande, bibi anayelea wajukuu wawili viziwi. Sheria ya kwanza tuliyoambiwa ni kwamba ukitaka kulala, lala. Kuna benchi na mto. Nilidhani utani. Alhamisi tatu za mwanzo nililala kwenye benchi mate yananitoka, hakuna aliyenigusa, hakuna aliyeniambia dada shiriki. Wakati wa kuondoka wananiamsha kwa chai.

Ya nne nikakaa macho. Tukawa tunaongelea mvua. Kila mtu chumba kile mvua ikianza kugonga bati anaanza kupanga nani atambeba nani. Baba yule alisema yeye huwa anavaa viatu kabisa halafu anakaa kitandani. Tukacheka, maana wote tulikuwa tunavaa viatu. Na hapo katikati ya kucheka ndipo nikakuta nimeanza kusema lile la mlangoni.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja anakaa peke yake, ukuta kwa ukuta. Wakati namburuta mdogo wangu kwenye blanketi nilimsikia ananiita, hakupiga kelele, aliniita kawaida tu kama siku zote akitaka nimnunulie sukari, mjukuu wangu njoo unishike mkono. Nikamjibu nakuja bibi. Nilisema nakuja. Nina mikono miwili na yote ilikuwa kwenye blanketi. Nilipompandisha mdogo wangu kule juu nikageuka, mlango wa bibi haupo.

Kimya. Mshauri hakukimbilia kuniambia sio kosa lako, na namshukuru, maana hiyo nilishaambiwa na watu wasiojua hata nini kilitokea. Alikaa, akaniachia. Halafu akauliza swali moja. "Mdogo wako naye alimsikia?"

Nilikuwa sijawahi kujiuliza. Miezi mitatu na kitu nimelibeba peke yangu kifuani kumbe blanketi lilikuwa na masikio mawili.

Usiku ule kwenye zamu ya saa nane nikamuuliza gizani, ulimsikia bibi? Akasema, nilimsikia. Akasema, dada, kila ukinigeuza najua unamsikia, na mi ndo nawaza ungeniacha ukamshika yeye. Nikamwambia nyamaza. Akasema sinyamazi, nimenyamaza tangu Desemba. Tukaongea mpaka alamu ya saa kumi ikatetemeka tukiwa macho, tukalia, halafu akasema lakini bibi angenitania sana angeona huu uji wako, yeye alikuwa anaweka sukari. Sijui nilicheka au niliendelea kulia.

Sasa mbona nyota tatu? Kwa sababu bajaji kwenda na kurudi ni 6,000 na hakuna anayerudisha nauli, kuna Alhamisi nimekosa kwa hiyo elfu sita na si kwa kingine. Kwa sababu mlango wa ukumbi wenyewe una ngazi mbili, huduma ya walezi wa watu wenye ulemavu, ngazi mbili, tunabebana. Kwa sababu mikataba yao ni ya miezi mitatu mitatu, yule binti wa ndoo aliondoka bila kutuaga vizuri na mwenyewe alikuwa analia. Wanaume hawaji, yule baba ni mmoja na siku za mwanzo alikuwa anadanganya kwamba kampeleka mke tu yeye anasubiri nje. Na waliorudi vijijini mbali hawafikiwi kabisa, wamebaki na simu ya Jumanne na kuku.

Na hela. Msongo wa mawazo wangu nusu ulikuwa moyo na nusu ilikuwa 200,000, mtaji wa genge uliokwenda na tope, nilimwambia mshauri hivyo hivyo, akasema shirika halitoi mitaji, sawa, lakini basi usiniulize kila wiki nini kinanikosesha usingizi. Pampasi za wakubwa pakiti ya kumi nanunua 18,000 hapa. Tulichofanya wenyewe ni kuanzisha kijikoba cha 2,000 kila Alhamisi baada ya chai, wa kwanza kupokea alikuwa bibi wa wajukuu viziwi, mimi nilikuwa wa nne, nimeanza tena na sado mbili za nyanya mbele ya nyumba ya shangazi.

Kwa wenzetu mnaopitia haya sehemu nyingine, Rufiji na Kibiti walioondolewa na maji Aprili 2024, Wakenya wa Mai Mahiu na Mathare mwaka ule ule, na watakaofuata maana mvua hazijaisha: mkiletewa huduma ya hivi msiikatae kwa sababu ya siku ya kwanza kama nilivyotaka mimi. Ila ulizeni mapema, mtu wangu atakaa na nani wakati naongea? Wakikosa jibu waambieni waje mlipo. Mkiulizwa mnajisikiaje na hamjui, semeni mmelala masaa mangapi, inatosha kuanzia. Na mwenye stori asiyotaka kuisema asiiseme, hakuna fomu inayoilazimisha.

Mvua za mwaka huu zimeshaanza kugonga bati. Bado navaa viatu. Mdogo wangu ameniomba nimvalishe na yeye, nikamwambia we viatu vya nini, akasema nisiachwe nyuma kwenye fasheni.

Alhamisi ijayo zamu yangu ni ukumbini, siku hizi sisi wa zamani tunapokezana na wale vijana. Nimepangiwa yule mtoto mwenye mtindio wa ubongo ili mama yake apate benchi. Anapenda kuvuta hereni, kwa hiyo nazivua nyumbani kabisa.